Dada, Nisome Nini?

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na siku chache baadaye dirisha la kwanza la udahili wa vyuo vikuu hufunguliwa. Katika siku hizo chache kila mtu aliyewahi kukanyaga chuo hugeuka mshauri. Simu zinaanza. Shangazi anampigia mpangaji mwenzake mwenye digrii. Mchungaji anaulizwa. Fundi simu naye anaulizwa, kwa sababu ana mdogo wake Dodoma anayesoma kitu cha kompyuta. Wengine miongoni mwa wenye matokeo yenyewe wako kambini JKT kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo hata kidole kinachobonyeza jina la kozi kwenye mfumo kinaweza kuwa cha kaka au cha baba. Na swali ni lilelile: huyu mtoto asome nini?

Nimeulizwa swali hilo mara kadhaa tangu nianze shahada ya uzamili ya falsafa, na kila mara linanisumbua zaidi ya mara iliyopita. Kozi zenyewe si tatizo. Zimo kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU, mamia ya kurasa, kila programu na vigezo vyake, miaka yake na idadi ya nafasi zake. Ninachoshindwa kukipata kitabuni ni kama nina haki ya kujibu. Mtu wa miaka 19 anakukabidhi uamuzi ambao ukienda vibaya, wewe hutadaiwa chochote. Daktari akikosea dozi kuna baraza la kumwita. Fundi akijenga ukuta ukaanguka, unajua pa kumkuta. Aliyekuambia usome kozi fulani, ukamaliza ukakaa nyumbani miaka mitatu, mtakutana naye msibani na atakuuliza habari za siku nyingi.

Jibu linalopendwa sasa ni "soma unachokipenda." Nina shaka nalo. Linamwacha mshauri msafi: mtoto akifanikiwa, ulimtia moyo, akikwama, si alichagua mwenyewe? Isitoshe, anayeuliza asome nini mara nyingi anauliza kwa sababu hakuna kitu anachokipenda kuliko vingine. Aliyetoka PCB ametumia miaka miwili na fizikia, kemia na baiolojia, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ni kukokotoa maswali ya mitihani iliyopita. Sayansi ya lishe hajaiona. Takwimu hajaziona. Hajui kuwa kuna mtu anaamka asubuhi kwenda kupima maji ya visima na analipwa kwa hilo. Kumwambia huyo asome anachokipenda ni kumpeleka kwa mama ntilie mwenye sufuria zilizofunikwa, kisha kumsimamia achague haraka.

Jibu la pili, ambalo wazazi wengi wanalipenda zaidi, ni "soma chenye ajira." Hili ninaliheshimu, kwa kuwa angalau linakubali kwamba watu wanakula. Lakini hebu tuangalie lilivyokuwa kwa waliotutangulia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na baada yake shule za kata zikaota nchi nzima. Walimu hawakutosha. Vijana waliotoka kidato cha sita walipewa mafunzo ya haraka na kupelekwa madarasani, watu wakawabatiza "voda fasta." Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata vyuo vikuu vishiriki viwili vya elimu, DUCE na MUCE. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika miaka ile, mtu aliyemwambia mdogo wake "soma ualimu, ajira iko nje nje" alikuwa anasema kweli. Alikuwa na ushahidi. Kila aliyemjua aliyemaliza ualimu alikuwa na kituo cha kazi.

Sasa mchukue kijana aliyelisikia jibu hilo mwaka 2013, akaingia chuo, akamaliza 2016. Juni 2016 serikali ilisitisha ajira mpya ili kuwasaka watumishi hewa kwenye orodha za mishahara. Kijana hakufanya kosa, na mshauri wake hakudanganya. Kilichotokea ni kwamba kati ya swali na jibu kulikuwa na miaka mitatu, na miaka mitatu ni mingi.

Mtu atasema, sawa, ualimu, lakini udaktari je? Mwanzoni mwa mwaka 2017, Kenya ikiwa imetikiswa na mgomo mrefu wa madaktari, iliomba madaktari 500 kutoka Tanzania. Serikali yetu ikakubali. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga, mpango ukakwama, na serikali ya Tanzania ikaamua kuwaajiri hapahapa madaktari 258 waliokuwa wameomba kwenda. Wengi walishangilia habari ile kama habari njema. Mimi kila nikiikumbuka nabaki na swali: hao 258 walikuwa wanafanya nini wiki iliyotangulia? Nchi iliyokuwa na upungufu wa madaktari kila wilaya ilikuwa na madaktari wa kuazimisha, kwa sababu upungufu wa madaktari na nafasi za ajira za madaktari ni vitu viwili. Kingine ni gesi. Baada ya ugunduzi mkubwa wa gesi asilia kwenye bahari ya kusini, vyuo vilifungua kozi za petroli na gesi na vijana wenye alama nzuri za PCM wakajaa humo. Bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam lilikamilika 2015. Kiwanda kikubwa cha kusindika gesi kule Lindi, ambacho wengi walikihesabia kazi, hakijajengwa mpaka ninapoandika haya.

Sisemi tuache kuangalia ajira. Ninasema anayetoa jibu hili kwa sauti ya uhakika anauza kitu ambacho hana ghalani.

Kuna kisa kimoja ambacho kila anayesoma falsafa hukutana nacho mapema. Oktoba 1945, Jean-Paul Sartre alitoa mhadhara Paris na ndani yake akasimulia habari ya mwanafunzi wake aliyemjia kuomba ushauri wakati wa vita. Kaka yake alikuwa ameuawa katika mashambulizi ya Wajerumani ya mwaka 1940. Baba amegombana na mama, na alikuwa na mwelekeo wa kushirikiana na adui. Mama alikuwa amebaki na huyu kijana tu. Je, aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru, au abaki na mama? Sartre anasema alimjibu kwamba yuko huru, kwa hiyo achague. Akaongeza jambo ambalo ndilo hasa lililonishika: kwamba ukimchagua mtu wa kukushauri, tayari umeshachagua nusu ya ushauri. Ukienda kwa padri anayeunga mkono wavamizi unajua atakachokuambia. Ukienda kwa padri wa upande wa pili, hivyohivyo.

Nililitafakari hilo hasa Julai ya mwaka jana, mama mdogo aliponipigia kutoka Morogoro. Binti yake alikuwa amemaliza PCB kwa alama nzuri, si za kutisha. Alikuwa amerudishwa kutoka kambini kwa sababu ya pumu, kwa hiyo yuko nyumbani, na hasemi anataka nini. Ukimuuliza anajibu "chochote." Mama mdogo anauza dagaa na mchele, ada ya sekondari aliilipa kwa vikoba. Mjomba, kaka yao mkubwa, alikuwa ametamka mbele ya ukoo kwamba atachangia ada ya chuo, lakini ya udaktari tu. "Sasa wewe ndiye msomi wetu," mama mdogo akasema. "Utakalosema wewe, hilohilo."

Hapo ndipo Sartre aliponiishia mikononi. Kijana wake alikuwa na vitu viwili vilivyo wazi, na vyote viwili vilimuuma. Mdogo wangu hakuwa na hata kimoja kinachomuuma. Kijana wa Sartre alimchagua mshauri wake; mdogo wangu alichaguliwa mshauri na mama yake. Kumwambia "uko huru, chagua" kusingekuwa kumheshimu. Kungekuwa kumrudisha kwa mjomba, kwa sababu pale ambapo mtoto hasemi na msomi hasemi, mwenye pesa ndiye anasema. Kunyamaza kwangu kungekuwa kura, na kura hiyo ingehesabiwa upande wa udaktari. Lakini kusema pia kulikuwa tatizo. Nilichoambiwa ni kwamba neno langu litakuwa la mwisho, na sikuona ni kwa msingi gani neno la mtu anayesoma maadili ya Kant liamue kama msichana wa Morogoro apasue watu au asipasue.

Nikamwomba mama mdogo amlete Dar kwa siku nne. Alifika na treni ya SGR, begi moja na mfuko wa mchele. "Shikamoo dada." "Marahaba, mdogo wangu." Kisha kimya. Si mwoga, mtanielewa. Ni mtu anayekaa kimya vizuri.

Mwaka 2014 mwanafalsafa wa Marekani, L. A. Paul, alichapisha kitabu kuhusu chaguzi ambazo zinambadilisha anayechagua. Mfano wake maarufu ni wa kugeuka vampaya: waliokwisha geuka wote wanakuambia ni raha tupu, lakini wewe ambaye hujageuka huna njia ya kujua itakuwaje kwako, na ukishageuka wewe siye yule aliyekuwa anajiuliza. Kupata mtoto, anasema, kuna sura hiyo. Nadhani kusomea taaluma kwa miaka mitano kuna sura hiyo pia. Mtu anayeingia udaktari na anayetoka si watu wawili, lakini vitu wanavyoviogopa na kuvipenda vimeshabadilika. Kwa hiyo kumwambia aliye nje "jiulize utafurahi?" ni kumuuliza habari za mtu ambaye hajakutana naye.

Nchi hii iliwahi kuwa na jibu lake kwa ugumu huo, ingawa sidhani lilifikiriwa kwa maneno hayo. Azimio la Musoma la 1974 liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiingie chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza kama miaka miwili, na apate pendekezo la chama na la mahali pa kazi. Kulikuwa na mengi ya kulalamikia katika mpango ule, hasa lile la mtu wa chama kushika ufunguo wa chuo. Lakini lilikuwa na wazo ambalo tumelitupa pamoja na mengine: kwamba mtu achague masomo akiwa ameshagusa kazi.

Sikuwa na miaka miwili. Nilikuwa na siku nne na marafiki. Tukaenda kwa daktari kijana aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, tuliyemkuta amelala kwenye kochi na viatu miguuni. Tukaenda kwa mfamasia mwenye duka la dawa, kwa ndugu yangu wa maabara ya hospitali, kwa nesi tunayepanga naye nyumba moja, na kwa rafiki anayefanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kusindika maziwa. Sikutaka wamwambie kama wanaipenda kazi yao. Kila mtu ana jibu la hilo alilolizoea. Nilimwambia mdogo wangu aulize swali moja: Jumanne iliyopita ulifanya nini, kuanzia asubuhi?

Ninapendekeza swali hili kwa yeyote. Mfamasia alieleza asubuhi nzima ya kuhesabu dawa zinazokaribia kuisha muda na mchana wa kubishana na watu wa bima. Wa maabara alizungumza kuhusu mashine iliyokataa kuwaka na sampuli zilizokuwa zinasubiri. Nesi alianza na mgonjwa mmoja akaishia na huyohuyo, akanyamaza, akaomba aendelee kupika. Daktari alisema, "Jumanne? Sikumbuki ilianza saa ngapi." Kiwandani tulionyeshwa jinsi wanavyopima asidi ya mtindi na kuandika kwenye daftari, kila chungu, kila saa, na mdogo wangu akauliza wanajuaje kwamba umeharibika kabla haujanuka. Ningependa kuwaambia kwamba hapo macho yake yaling'aa na njia ikajulikana. Haikuwa hivyo. Alikuwa anauliza tu. Kwenye daladala aliniambia kazi zote zinaonekana zinachosha, nikamwambia ni kweli, zinachosha, na kwamba hilo ni jambo la kulijua mapema.

Lakini siku ya tatu alisema jambo. "Dada, wote wanasema nina akili ya udaktari. Hakuna aliyeniambia kwa nini wanautaka."

Nikampigia mjomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja za uhuru wa mtu binafsi, nakiri, zimepangwa vizuri. Baada ya salamu nikamuuliza kwa adabu: mjomba, ile pesa ni ya mtoto au ni ya udaktari? Hakukasirika. Akasema: "Mwanangu, mimi nimezika watu watatu ambao tulifika nao hospitali tukakaa kwenye benchi hatujui pa kuuliza. Kila ukoo una mtu wake wa kupigia simu. Sisi hatuna."

Hoja zangu zilikuwa hazijajiandaa kwa hilo. Ni rahisi kumpinga mzee anayetaka sifa ya kuwa na daktari. Huyu alikuwa anataka watu wake wasifie kwenye benchi. Katika falsafa ya Kiafrika kuna ubishi wa muda mrefu juu ya hapa hasa. Ifeanyi Menkiti, katika makala yake ya 1984, alishikilia kwamba mtu huwa mtu kupitia jamii yake, na kwamba utu ni kitu unachokua nacho kwa kutimiza wajibu. Kwame Gyekye akamjibu kwamba jamii inatujenga, ndiyo, lakini haitumalizi. Mtu anabaki na uwezo wa kusimama kando na kuipima. Nyerere, kwa upande wake, alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila akatokomea, ni msaliti. Mfano huu unanikereketa kila nikiukumbuka kwa sababu siwezi kuukataa. Sekondari ya mdogo wangu ni pesa za vikoba, yaani pesa za kina mama kumi na kitu ambao watoto wao nao wanasoma.

Baada ya kuligeuza hilo usiku mzima, nilifika mahali ambapo bado nimesimama. Mjomba ana haki ya kuhitaji. Mama ana haki ya kuhitaji. Wanaweza kumwomba mtoto abebe mzigo wa ukoo, na anaweza kukubali, na akikubali hajanyang'anywa kitu. Kibaya ni kuuvisha mzigo huo nguo za kipaji chake. "Una akili ya udaktari" ni sentensi inayomhusu mtoto. "Tunahitaji mtu hospitalini" inatuhusu sisi. Ukimpa ya kwanza badala ya ya pili, umemnyima nafasi ya kukubali au kukataa kile unachomwomba kweli, na akishindwa masomo atadhani amegundua kwamba hana akili. Kwa hiyo nilichomwomba mjomba si kubadilisha sharti lake. Nilimwomba amwambie mtoto alichoniambia mimi.

Akamwambia, kwa simu, dakika kama kumi. Mdogo wangu alisikiliza akiwa amekaa kwenye ngazi za nje. Aliporudi ndani alikuwa anauona udaktari kwa mara ya kwanza kama kitu cha kufikiriwa. Hili sikulitarajia. Nilidhani ukweli ungempa nguvu ya kukataa, kumbe ulimpa sababu ya kukubali ambayo hakuwa nayo kabla.

Kufikia siku ya nne alikuwa na vitu viwili: udaktari, na sayansi na teknolojia ya chakula pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambacho kiko Morogoro mjini kwao. Akaomba vyote. Mzunguko wa udahili ulipotoka akawa amechaguliwa kote: udaktari kwenye chuo binafsi, na chakula SUA. Anayechaguliwa zaidi ya sehemu moja hutumiwa namba ya siri kwenye simu na lazima athibitishe chuo kimoja kabla siku hazijaisha. Akanipigia: "Dada, sema wewe."

Ruth Chang, mwanafalsafa mwingine wa Marekani, anasema kuna chaguzi ambazo hakuna upande ulio bora, wala pande mbili hazilingani, wala si kwamba taarifa zinapungua. Pande zote ziko katika ngazi moja kwa namna tofauti. Hapo, anasema, sababu za nje zimeshaisha kazi, na mtu anajiweka mwenyewe upande mmoja na kwa kujiweka huko anakuwa mtu wa aina fulani. Wakati naisoma hoja hiyo maktabani iliniridhisha. Kwenye simu nilichoweza kufanya ni kumuuliza yale yaliyokuwa hayajasemwa. Ada ya kile chuo unaijua? Anaijua, na anajua kwamba mkopo wa Bodi ukitoka hautaifikia. Mjomba akiugua mwaka wa tatu? Kimya. SUA kwa nini? "Nitalala nyumbani. Sitalipa hosteli. Na jioni nitamsaidia mama." Nikamuuliza kama hiyo ni sababu yake au ni ya mama. Akacheka. "Dada, chakula ni cha mama, lakini chumba ni changu."

Akathibitisha SUA. Kuna rafiki yangu darasani anayesema hapo nilimwacha achague kwa sababu ndogo mno, chumba na nauli, na kwamba kazi yangu ilikuwa kumwinua atazame mbali zaidi. Sikubaliani naye. Sababu ndogo ndizo alizokuwa na uhakika nazo. Zile kubwa, ajira baada ya miaka kadhaa, wito, mchango kwa taifa, zote zilikuwa makisio, yangu au ya mjomba. Ila sitasema chaguo lilikuwa sahihi, kwa maana sijui kipimo chake kingekuwa nini. Benchi la hospitali bado lipo. Ukoo bado hauna wa kumpigia simu.

Mjomba hajatoa pesa. Hajakasirika pia, anamuulizia. Bodi ya Mikopo ilimpa sehemu ya alichoomba, baada ya ile safari ya kila mwombaji ya kuhakiki cheti RITA, kutafuta muhuri wa serikali ya mtaa na kulipa 30,000 za maombi. Siku akiajiriwa watakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe, na nilihakikisha analijua hilo kabla hajabonyeza chochote. Mimi namtumia 20,000 kila mwezi. Si nyingi, bando langu la intaneti linazidi hapo. Nilianza kwa kuwa nilisema mwanzoni kwamba mshauri hadaiwi, na jambo hilo lilinikaa vibaya. Nikaona anayeshauri na alipe walau kidogo. Kisha mwezi wa pili nikajikuta nasubiri aniambie amepata ngapi kwenye jaribio la kemia, kama mtu mwenye hisa. Nikamwelewa mjomba zaidi kuliko alivyonieleza mwenyewe.

Kinachonishughulisha sasa ni kaka yake mdogo, aliye kidato cha pili. Wenye kuandika juu ya uchaguzi wa kozi, na mimi nikiwamo, tunaanzia kwenye Julai ya kidato cha sita kana kwamba milango yote iko wazi siku hiyo. Mingi ilishafungwa. Ilifungwa kwenye tahasusi, baada ya kidato cha nne. Na kabla ya hapo ilifungwa pale kidato cha pili kinapoisha na mwanafunzi anasema kama ataendelea na fizikia na kemia au ataziacha. Kwenye shule nyingi za kata hilo halikuwahi kuwa swali la mwanafunzi. Lilijibiwa na kutokuwepo kwa mwalimu.

Shuleni kwake mwalimu wa fizikia alihamishwa Machi, na hajaletwa mwingine. Vijana wanafundishana wenyewe kwa daftari la mwaka jana. Juzi alinitumia ujumbe, bila shikamoo, ambayo kwake ni dalili kwamba jambo ni zito: "Dada nikiacha fizikia nini kinafungwa?" Nimekaa na kitabu cha TCU nikiandika kozi moja moja kwenye karatasi ili nimpigie picha. Udaktari. Famasia. Uhandisi wote. Nimefika ukurasa wa pili wa karatasi na bado niko kwenye vyuo vya Dar es Salaam.